Kushindwa, Lawama na Haki

Utangulizi

Kila mchezo wa mpira una vipindi viwili vinavyochezwa uwanjani. Baada ya hivyo huja kipindi cha tatu, ambacho hakina mwamuzi wala saa, nacho huchezwa kwa maneno. Mashabiki hukutana barazani, kazini, ndani ya mabasi na mbele ya maduka, wakaanza kuulizana: Kwa nini fulani hakuchezeshwa? Kwa nini mabeki walikuwa watatu badala ya wanne? Kwa nini badiliko lilifanywa katika dakika ya 70, ilhali hatari ilionekana tangu dakika ya 50? Na ikiwa timu imetolewa katika mashindano makubwa, maswali hayo hugeuka upesi yakawa mashtaka, na mara nyingi mshtakiwa huwa mmoja tu, yaani meneja.

Wapo wazee na walimu wanaoyahesabu mazungumzo haya kuwa ni upotevu wa wakati. Insha hii haikubaliani nao. Ndani ya mabishano ya mashabiki limo swali la kale la falsafa ya maadili, ambalo vijana hulijadili kila juma bila ya kulijua jina lake: Je, ni haki kumhukumu mtu kwa matokeo ya tendo lake, au yatupasa tumhukumu kwa busara na nia aliyokuwa nayo wakati alipoamua? Swali hili humhusu nahodha, mkulima, daktari, hakimu na mwalimu, kama linavyomhusu meneja wa mpira. Lakini mpira unatupa faida moja. Mambo yake hutendeka hadharani: orodha ya wachezaji hutangazwa kabla ya mchezo, mbinu huonekana kwa macho, na mwisho wake hushuhudiwa na wote. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kulichunguza swali letu.

Kisa chenyewe

Tuchukue mfano wa klabu ya Manchester City ya Uingereza. Pep Guardiola alipoanza kuiongoza mwaka 2016 alikuwa amekwisha kulitwaa kombe la mabingwa wa Ulaya mara mbili akiwa na Barcelona, mwaka 2009 na mwaka 2011. Mashabiki wa Manchester City walitumaini kwamba atalileta kombe hilo mjini kwao. Nyumbani alishinda, tena kwa kishindo. Lakini katika mashindano ya Ulaya timu yake ilitolewa mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 15 Agosti 2020, mjini Lisbon, Manchester City ilikutana na Lyon ya Ufaransa katika robo fainali. Kwa sababu ya maradhi ya Korona, robo fainali ya mwaka ule ilikuwa mchezo mmoja tu badala ya miwili, na uwanja haukuwa na watazamaji. Lyon ilikuwa imemaliza ya saba katika ligi ya nchi yake, na watu wengi waliipa Manchester City ushindi kabla mpira haujaanza. Orodha ya wachezaji ilipotangazwa, mashabiki walistaajabu. Guardiola alikuwa ameacha mpango wake uliozoeleka, akapanga walinzi watatu nyuma ili aikabili Lyon kwa umbo lile lile walilocheza wao. Mafundi wa kushambulia kama Riyad Mahrez, David Silva, Bernardo Silva na Phil Foden waliwekwa akiba.

Lyon ilipata goli katika dakika ya 24. Baada ya mapumziko Mahrez aliingizwa, mpango wa zamani ukarudishwa, na Kevin De Bruyne akasawazisha katika dakika ya 69. Moussa Dembélé aliifungia Lyon goli la pili katika dakika ya 79. Zikiwa zimesalia dakika chache, mpira ulimfikia Raheem Sterling mbele ya lango lililo wazi, hatua chache tu kutoka mstari wa goli. Sterling aliupiga juu. Haikupita hata dakika moja au mbili, Dembélé akafunga goli la tatu. Manchester City ilitolewa kwa magoli 3 kwa 1.

Kipindi cha tatu kilianza hapo hapo, na mashabiki waligawanyika makundi mawili.

Hoja ya wanaolaumu

Kundi la kwanza lilisema hivi: Meneja aliyekuwa na wachezaji bora alijitia werevu pasipo haja. Angecheza mchezo wake wa siku zote, Lyon wangekuwa wao wa kuhangaika. Alipobadili mpango aliwaambia wachezaji wake, bila ya kutamka, kwamba ana hofu. Na hofu ya nahodha hushuka mpaka kwa baharia wa mwisho. Walikumbusha kwamba jambo hilo si la mara moja. Mwaka 2018, huko Liverpool, alimwacha Sterling nje ili aongeze kiungo, akafungwa magoli 3 kabla ya mapumziko. Mwaka uliofuata baada ya Lisbon walipata ushahidi mwingine. Tarehe 29 Mei 2021, katika fainali dhidi ya Chelsea mjini Porto, aliwaacha nje Rodri na Fernandinho kwa pamoja, ingawa karibu michezo yote ya msimu ule mmoja wao alikuwa mlinzi wa katikati ya uwanja. Chelsea ilishinda kwa goli moja la Kai Havertz.

Hoja yao ina msingi. Meneja hakuajiriwa kuwa na nia njema. Aliajiriwa ili timu ishinde. Shabiki aliyelipa nauli na kiingilio, akavaa rangi za klabu yake tangu utotoni, ana haki ya kudai hesabu. Aidha, ulimwengu hauendeshwi kwa nia. Daraja likianguka, hatuulizi kwanza kama mhandisi alikuwa mtu mwema. Wanaolaumu hutukumbusha kwamba matokeo ni kitu halisi, na kwamba mwenye madaraka asiyetaka kupimwa kwa matokeo yake anataka heshima ya cheo bila ya mzigo wake.

Hoja ya wanaotetea

Kundi la pili lilijibu kwa swali moja: Je, Sterling angefunga? Mpira ungesawazishwa magoli 2 kwa 2, dakika za nyongeza zingekaribia, na huenda timu yenye wachezaji wengi wa akiba ingeshinda. Mpango wa meneja ungekuwa ule ule, wala hakuna neno hata moja katika maagizo yake ambalo lingebadilika. Lakini magazeti ya asubuhi yangemsifu kwa kutambua kosa na kulisahihisha kwa wakati. Basi sifa na lawama, wakasema, zilining'inia katika mguu wa mtu mwingine.

Kundi hili pia lina mifano. Mwaka 2019 Manchester City ilitolewa na Tottenham baada ya timu hizo kufungana jumla ya magoli 4 kwa 4 katika michezo miwili. Tottenham ilipita kwa sababu ya kanuni iliyolipa uzito zaidi goli la ugenini. Tena katika dakika za mwisho kabisa Sterling alifunga goli ambalo lingeivusha timu yake, uwanja mzima ukaruka kwa furaha, kisha waamuzi wa video wakalikataa kwa kuotea. Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, chama cha mpira cha Ulaya kiliifuta kanuni ya goli la ugenini. Maana yake ni kwamba matokeo yale yale, kwa wachezaji wale wale na mbinu zile zile, chini ya kanuni ya baadaye yangepelekea dakika za nyongeza. Meneja alilaumiwa kwa mbinu zake. Lakini kilichomtoa kilikuwa mstari mmoja katika kitabu cha kanuni.

Mfano ulio mkali zaidi ni wa tarehe 4 Mei 2022 mjini Madrid. Hadi dakika ya 89 Manchester City ilikuwa mbele ya Real Madrid kwa jumla ya magoli 5 kwa 3. Muda mfupi kabla ya hapo Jack Grealish alikuwa amekaribia kufunga mara mbili: mpira mmoja uliokolewa karibu na mstari, na mwingine ulizuiwa na golikipa Courtois. Ndipo Rodrygo akafunga magoli mawili kwa muda usiotosha hata kufunga kamba za viatu. Katika dakika za nyongeza Benzema akatia penalti, na Real Madrid ikapita kwa magoli 6 kwa 5. Wahenga walinena kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Hakuna ubao wa mbinu uwezao kuchora utelezi wa miti yote kwa siku moja.

Wanafalsafa wamesema nini

Swali hili limewashughulisha wenye hekima tangu kale. Wastoiki walitumia mfano wa mpiga mishale, nao umeelezwa na mwandishi wa Kirumi Cicero. Mpiga mishale hodari hufanya yote yaliyo katika uwezo wake: huchagua mshale, hutuliza mkono, hulenga. Mshale ukishatoka hauko tena katika mamlaka yake, maana upepo waweza kuupeperusha. Kwa hiyo, walisema, shabaha yake ya kweli ni kulenga vema, na kupiga ni ziada. Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alishikilia kwamba nia njema ina thamani yake yenyewe, nayo ingeendelea kung'aa kama kito hata kama isingefanikisha lolote.

Lakini mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel, walitoa makala zilizoonyesha kwamba jambo si jepesi hivyo. Nagel alitoa mfano wa dereva aliyezembea kukagua breki za gari lake. Mtoto asipokatiza barabara, dereva huyo hufika nyumbani na kula chakula chake, na uzembe wake ni mdogo machoni pa watu. Mtoto akikatiza, dereva yule yule mwenye uzembe ule ule huwa mwuaji. Tofauti baina ya hali hizo mbili haikutoka kwake. Hata hivyo, nani kati yetu awezaye kumtazama mzazi wa mtoto na kumwambia kwamba hakuna tofauti? Hili ndilo fumbo walilotuachia: akili hutuambia tusihukumu kwa bahati, na bado kila siku tunahukumu hivyo.

Hoja zote mbili zina kasoro

Tuzipime sasa hoja za makundi yetu mawili, maana kila moja ikisukumwa hadi mwisho wake huanguka.

Wanaolaumu hukosea wanapodhani kwamba matokeo yenyewe ni hukumu. Tazama jinsi wanavyobadili majina ya vitu. Tarehe 2 Mei 2009 Guardiola, akiwa na Barcelona, alimtoa Lionel Messi upande wa kulia na kumweka katikati, mahali ambapo walinzi wa Real Madrid hawakumtarajia. Barcelona ilishinda ugenini kwa magoli 6 kwa 2, na badiliko lile likaitwa ubunifu. Mwaka 2020 alibadili tena, akashindwa, na badiliko likaitwa ujuaji. Mwaka 2023 alimtoa mlinzi John Stones nyuma na kumpandisha acheze kama kiungo; timu ikaifunga Real Madrid magoli 4 kwa 0 katika nusu fainali, na jambo hilo likaitwa tena ubunifu. Tabia ya mtu ni ile ile ya kuthubutu kubadili. Shabiki anayeisifu inaposhinda na kuilaani inaposhindwa hajahukumu tabia hiyo. Amesoma tu ubao wa magoli na kuutafsiri kwa maneno marefu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kadhalika wanaotetea hukosea wanapoifanya bahati kuwa ngao ya kila kitu. Ikiwa kushindwa kwa mwaka 2022 ni bahati mbaya, basi na tuwe waadilifu katika kushinda pia. Tarehe 10 Juni 2023, mjini Istanbul, Manchester City hatimaye ililitwaa kombe kwa kuifunga Inter ya Italia goli 1 kwa 0. Mfungaji alikuwa Rodri, yule yule aliyeachwa nje miaka miwili kabla. Lakini baada ya goli hilo kichwa cha Dimarco kiligonga mtambaa wa panya, na mpira uliporudi akaupiga tena, ukamgonga mwenzake Lukaku. Nusu hatua tu, na hadithi ingekuwa nyingine. Mtetezi anayesema kwamba kushindwa ni bahati na kushinda ni akili naye anaivuta ngozi ya ngoma. Na akisema kwamba yote ni bahati, amefuta lawama, lakini pamoja nayo amefuta sifa, mafunzo na hata maana ya kuwa na meneja.

Matokeo ni shahidi

Njia iliyo sawa, kwa maoni yetu, ni kuyachukua matokeo kama shahidi anayeletwa mbele ya baraza, bila ya kumpa kiti cha hakimu. Shahidi mmoja anaweza kudanganywa na macho yake. Mashahidi wengi, wasiojuana, wakisema neno moja, ni wajibu kuwasikiliza. Mchezo mmoja ulioamuliwa na mpira uliopaa juu ya lango ni shahidi dhaifu. Lakini shabiki aliyesema kwamba mwaka 2018, mwaka 2020 na mwaka 2021 meneja alibadili mpango katika siku kubwa na timu ikapoteza uhai wake wa kawaida, huyo alileta mashahidi watatu. Huenda bado amekosea, kwa kuwa hajahesabu siku ambazo mabadiliko yalifaulu. Hata hivyo hoja yake ni ya aina nyingine kabisa kuliko ya yule apigaye kelele kwa sababu tu amefungwa jana usiku.

Kwa ajili hiyo twaweza kupendekeza kipimo cha lawama ya haki. Mwenye kulaumu ajiulize: Je, neno hili ningeweza kulisema kabla ya mchezo? Aliyestaajabu aliposoma orodha ya wachezaji pale Porto, akasema kabla ya filimbi ya kwanza kwamba katikati ya uwanja pamebaki bila mlinzi, ana haki ya kusikilizwa baada ya filimbi ya mwisho. Aliyenyamaza, au aliyeisifu orodha ile, kisha akawa mjuzi saa mbili baadaye, hana budi kuinamisha sauti. Watazamaji wa bao wanaijua sana tabia hii: wengi huiona kete iliyopaswa kuchezwa pindi kete nyingine imekwisha kuchezwa. Mchezaji aliamua akiwa hajui kesho. Mtazamaji anaamua akiwa ameishika kesho mkononi. Kuwapima kwa mizani moja si haki.

Mkulima atatuelewesha zaidi. Mmoja amelima mapema, amechagua mbegu, amepanda kwa mvua za kwanza kama alivyofundishwa na wazee na bwana shamba. Kisha mvua zikakatika na miche ikanyauka. Jirani yake mvivu alichelewa kupanda, mvua zikarudi, akavuna. Kijiji kitakachomsifu mvivu na kumcheka mwenye bidii kitakuwa kimejifunza jambo la kukiua mwaka ujao. Hapo ndipo uzito wa swali letu unapoonekana. Jamii inayohukumu kwa matokeo peke yake huwazoesha watu wake kupenda bahati na kuidharau kazi.

Hatia, dhima na majuto

Msomaji anaweza kuuliza: Ikiwa meneja hakukosea, kwa nini asimame mbele ya watu na kusema kwamba kushindwa ni juu yake? Hapa lugha yetu inatusaidia, kwa sababu ina maneno ambayo hayapaswi kuchanganywa. Hatia ni kosa lililotendwa kwa kujua au kwa uzembe. Lawama ni neno tunalomtupia mtu tukidhani ana hatia. Dhima ni mzigo alioukubali mtu alipopokea amana, nao haumtoki hata kama hana hatia. Majuto ni maumivu ya moyo ya aliyetenda.

Nahodha aliyeondoka katika majira yafaayo ya kaskazi, tanga lake zima na chombo kimekaguliwa, akakutwa na dhoruba na shehena ikapotea, hana hatia. Lakini hawezi kuwaambia wenye mali kwamba jambo hilo halimhusu. Dhima ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika usukani. Na manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama. Williams naye alieleza juu ya dereva wa lori asiye na kosa lolote ambaye amemwua mtoto. Wote tunamfariji na kumwambia kwamba hakukosea. Lakini kama angetukubalia upesi mno, akaenda zake akipiga mluzi, tungemwona kuwa ana upungufu wa utu. Majuto yake yanatuonyesha kwamba anafahamu kuwa mkono uliotenda ulikuwa wake.

Kwa hiyo meneja anaposema baada ya kushindwa kwamba yeye ndiye mwenye kujibu, hakubali hatia, anabeba dhima. Sterling naye aweza kuujutia mpira ule maisha yake yote bila ya kuwa mkosaji. Wajibu wa mashabiki ni kutofautisha. Wakigeuza kila dhima kuwa hatia, hakuna mtu mwenye akili atakayekubali kuongoza. Na wakiifuta dhima kwa sababu hakuna hatia, viongozi watajificha nyuma ya bahati.

Adabu ya lawama

Mambo haya si mchezo wa maneno, kwani lawama isiyo na kipimo hudhuru watu. Tarehe 22 Juni 1994, katika Kombe la Dunia, mlinzi wa Colombia Andrés Escobar alijifunga goli katika mchezo walioshindwa na Marekani. Siku kumi baadaye aliuawa kwa risasi mjini Medellín, na watu wengi waliyahusisha mauaji hayo na goli lile. Tarehe 11 Julai 2021 Uingereza ilishindwa na Italia kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya mataifa ya Ulaya. Vijana watatu weusi, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walikosa mikwaju yao, wakamwagiwa matusi ya ubaguzi wa rangi. Wachezaji wawili wa Italia, Belotti na Jorginho, walikosa vilevile usiku huo huo. Hao hawakuwa na lawama ya kubeba, kwa kuwa timu yao ilishinda. Hapa tunaona mwisho wa njia ya kuhukumu kwa matokeo: kosa ni lile lile, lakini mmoja hurudi nyumbani na nishani na mwingine hutukanwa kwa rangi ya ngozi yake. Aliyeanza kwa kutafuta sababu ya kushindwa amemaliza kwa kutafuta mtu wa kumchukia.

Mabishano juu ya timu hizi za Ulaya yamekuwa sehemu ya maisha ya miji yetu ya Afrika ya Mashariki. Vijana hulipa kiingilio kidogo katika vibanda umiza, wakabanana kwenye mabenchi mpaka usiku, na asubuhi yake hesabu ya magoli husikika sokoni na katika vituo vya mabasi. Wapo wanaosikitika kwamba moyo mwingi hivyo umeelekezwa kwa klabu za ng'ambo, na masikitiko yao yanastahili insha yake. Lakini desturi yenyewe ya kukaa barazani, kusikiliza hoja ya mwenzako hadi mwisho, kujibu kwa mfano na kwa methali, na kuachana kwa amani, si ya kuazima. Ni ya wazee wetu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na neno hilo humhusu mbishi wa barazani kama mchezaji wa uwanjani. Ikiwa mpira wa Manchester au wa Madrid unawapa vijana nafasi ya kuitumia desturi hiyo kwa haki, basi umewapa kitu chema.

Hitimisho

Walimu wanaijua tayari njia tuliyoieleza, hata kama hawajaipa jina la falsafa. Mwalimu wa hesabu anaposahihisha daftari hatazami jibu la mwisho peke yake. Huweka alama za njia na alama za jibu. Mwanafunzi aliyefuata njia sahihi akateleza katika kujumlisha hupata alama za njia. Aliyebahatisha jibu bila ya kuonyesha kazi hupata alama ya jibu, lakini mwalimu hamsifu mbele ya darasa, maana anajua kwamba bahati hiyo haitarudi siku ya mtihani. Na yule ambaye kila mara hufuata njia iliyoonekana nzuri lakini kila mara hukosa jibu, mwalimu mwema humwita kando wakaitazame njia upya.

Hivyo ndivyo tunavyopaswa kumhukumu meneja, nahodha, mkulima na kiongozi yeyote. Tumwulize alijua nini, alifikiri nini, alijiandaa vipi. Kisha tumwulize kilitokea nini. Na majibu hayo mawili tuyaandike katika safu mbili, bila ya kuiacha moja iimeze nyingine. Kijana aliyezoea kufanya hivyo katika mambo ya mpira, ambamo hasara ni kombe tu, atakuwa tayari siku atakapoitwa kuketi katika baraza la kijiji au katika kiti cha hakimu, ambamo hasara ni jina la mtu, riziki yake au uhuru wake.